Nairobi Baada ya Mlipuko: Foleni ya Damu, Jirani Msomali na Deni la Majeruhi

Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, majira ya adhuhuri, watu wenye silaha waliingia katika jengo la maduka la Westgate, mtaa wa Westlands jijini Nairobi, wakaanza kuwafyatulia risasi wanunuzi, wahudumu na watoto waliokuwa wamekusanyika kwa shindano la upishi katika maegesho ya juu. Mzingiro huo ulidumu hadi tarehe 24. Watu 67 waliuawa, miongoni mwao mshairi wa Ghana Kofi Awoonor, aliyekuwa amefika Nairobi kwa tamasha la fasihi. Kundi la Al-Shabaab la Somalia lilitangaza kwamba ndilo lililotenda, likidai kulipiza kisasi cha majeshi ya Kenya kuingia Somalia mwezi Oktoba 2011.

Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu magaidi wenyewe, silaha zao, fedha zao na uzembe wa vyombo vya usalama. Sisi tunapenda kutazama upande mwingine ambao hauandikwi sana: raia wa kawaida walifanya nini? Swali hili si la pembeni. Anayelipua bomu katikati ya jiji hana ugomvi na karani aliyekwenda kununua mkate. Karani huyo hamjui hata kwa sura. Anachokilenga ni mwenendo wa wale watakaobaki hai. Anataka wamwogope jirani, wafunge milango, wapigane wao kwa wao, na hatimaye wakubali kwamba dini mbili haziwezi kuishi katika mtaa mmoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2297, inauhesabu ugaidi kuwa kosa zito dhidi ya haki na mapendo kwa sababu unatisha, unajeruhi na kuua bila kuchagua. Kwa hiyo nusu ya shambulio hufanyika siku ya mlipuko. Nusu ya pili huamuliwa na wananchi katika majuma na miaka inayofuata. Nairobi imeshambuliwa mara nyingi kiasi kwamba nusu hiyo ya pili sasa inaweza kuchunguzwa.

Saa ya kwanza

Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya Ijumaa, kabla ya saa tano asubuhi, gari lililosheheni baruti lililipuka nyuma ya Ubalozi wa Marekani, penye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie. Muda mfupi tu kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika kishindo kidogo na milio ya bunduki. Wafanyakazi katika maghorofa ya jirani wakafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: wakasogea madirishani kutazama kuna nini. Mlipuko ulipokuja, vioo viliwaingia machoni. Ndiyo maana katika shambulio lile, lililoua watu 213 na kujeruhi wapatao 5,000, waliopoteza uwezo wa kuona ni wengi mno. Wengine 11 waliuawa asubuhi hiyo hiyo jijini Dar es Salaam, ambako lori la kusambazia maji lilikuwa limelizuia gari la washambuliaji lisiukaribie zaidi ubalozi.

Jengo la Ufundi lilikuwa limelala chini. Nairobi ya wakati ule haikuwa na magari ya wagonjwa ya kutosha wala vyombo vya kufukulia zege. Wapita njia walianza kufukua kwa mikono. Madereva wa matatu, watu ambao jiji zima huwalalamikia kutwa kucha, walishusha abiria na kupakia majeruhi kuelekea Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta bila kudai nauli. Kwa siku kadhaa waokoaji walizungumza na mama mmoja aliyefukiwa chini ya kifusi, wakimtia moyo, na nchi nzima ikawa inamwombea kwa jina. Alifariki dunia kabla hawajamfikia. Wazee wa Nairobi bado wanamkumbuka kana kwamba alikuwa ndugu yao wa damu.

Miaka 15 baadaye, Westgate, mambo yalikuwa yale yale katika sura nyingine. Miongoni mwa watu wa kwanza kuingia ndani ya jengo lile kuwatoa waliokwama walikuwamo raia wenye leseni za bastola na askari wachache wasiovaa sare, kabla vikosi vikubwa havijafika na kujipanga. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, Mkenya Mwislamu mwenye asili ya Kisomali, aliyekwenda kumtafuta kaka yake na kujikuta akiwaokoa watu asiowajua. Picha ya mtoto wa kike akikimbia kuelekea mkono wake ulionyoshwa ilizunguka dunia nzima. Jirani na Westgate kuna kituo cha jumuiya ya Oshwal, Wakenya wenye asili ya Kihindi wanaofuata dini ya Kijaini. Kituo hicho kiligeuka mahali pa kupumzikia waokoaji, pa kutibia waliojeruhiwa na pa ndugu kungoja habari za wapendwa wao. Kulipikwa chakula usiku na mchana, na aliyekula hakuulizwa anasali wapi.

Tunayataja haya kwa sababu katika mazungumzo yetu, hata baada ya Misa, tumezoea kusema kwamba watu wa mjini hawana utu. Ushahidi wa saa ya kwanza unakataa. Mtu ambaye jana alimsukuma mwenzake penye foleni ya basi, leo ameingia katika moshi kumtoa mgeni. Teolojia yetu inalo jina la jambo hili: neema hutangulia. Kabla mtu hajafikiri, kabla hajapima faida na hasara, kuna kitu Mungu amekiweka ndani yake kinachomwinua. Taabu huanza pale anapopata muda wa kufikiri.

Damu inayokaa majuma sita

Siku ya pili ya Westgate, Jumapili, Wakenya walianza kupanga foleni kutoa damu katika hospitali za jiji na katika bustani ya Uhuru Park. Foleni zilikuwa ndefu kiasi kwamba watu waliombwa warudi siku nyingine. Vijana wa vibanda, wanawake wa Kiislamu waliovaa buibui, masista, wanafunzi na mabenkari walisimama juani kwa saa nyingi. Wakati huo huo mamilioni ya shilingi yalichangwa kwa njia ya M-Pesa kupitia Chama cha Msalaba Mwekundu, mengi yakiwa ni vichango vidogo vidogo vya watu wenye kipato kidogo. Neno lililoenea lilikuwa kwamba sisi ni wamoja. Mwezi Januari 2019, baada ya shambulio la 14 Riverside lililoua watu 21, foleni zilirudi vile vile.

Hapa inafaa kusema jambo la kitaalamu kidogo. Chembe nyekundu za damu, hata zikihifadhiwa vizuri kwenye jokofu la hospitali, hudumu takriban majuma matano hadi sita. Damu iliyotolewa kwa machozi tarehe 22 Septemba haifai tena mwanzoni mwa Novemba. Na wanaohitaji damu zaidi katika nchi zetu si majeruhi wa mabomu. Ni mama aliyevuja damu baada ya kujifungua, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, mgonjwa wa saratani, kijana wa bodaboda aliyegongwa usiku. Hawa huja kila siku, nao hawatangazwi na kituo chochote cha televisheni. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa damu tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Laiti nusu ya wale waliosimama Uhuru Park wangerudi kimya kimya mwezi wa Desemba na tena mwezi wa Machi, hospitali nyingi zingekuwa na akiba.

Hatusemi hivi ili kuidharau ile foleni. Ilikuwa nzuri, na yeyote aliyeiona aliona kitu kinachofanana na Komunyo. Tunasema tu kwamba huruma ya ghafla na upendo wa kudumu ni vitu viwili, na kwamba jokofu la damu huonyesha tofauti hiyo bila upendeleo. Parokia inayoweza kuhamasisha watu 2,000 kuhudhuria mkesha inaweza pia kuweka katika kalenda yake siku nne za kutoa damu kwa mwaka, kama inavyoweka kongamano la vijana na sikukuu ya msimamizi wake.

Simu mkononi

Kuna mwitikio mwingine ambao mwaka 1998 haukuwapo kabisa, mwaka 2013 ulikuwa mchanga, na mwaka 2019 ulikwisha kukomaa. Shambulio la Riverside lilipoanza, Jumanne ya tarehe 15 Januari saa tisa alasiri, taarifa zilienea kwa simu upesi kuliko polisi walivyoweza kuzithibitisha. Baadhi ya ujumbe ule uliokoa maisha: watu waliojifungia vyooni na chini ya meza waliwaeleza ndugu zao walipo, na ndugu wakawaeleza waokoaji. Watu wapatao 700 walitolewa salama. Lakini simu hizo hizo zilibeba uvumi wa mashambulio ambayo hayakutokea, na picha za maiti.

Gazeti moja kubwa la Marekani lilichapisha picha ya watu waliouawa wakiwa wamekaa mezani, na Wakenya kwa maelfu wakalikemea mtandaoni, wakiuliza kama gazeti hilo lingechapisha picha ya namna hiyo kama wafu wangekuwa raia wa nchi yake. Gazeti likajitetea. Swali la Wakenya lilikuwa la haki kabisa, nasi tunaliunga mkono. Lakini ukweli ni kwamba picha za kutisha zaidi zilikuwa zinapita jioni ile katika makundi ya familia, ya wanafunzi waliosoma pamoja, na ya waimbaji wa kwaya, zikitumwa na watu ambao kesho yake walilikemea gazeti.

Kuzika wafu ni tendo la huruma, na Kanisa limelihesabu hivyo tangu zamani kwa sababu mwili wa marehemu ulikuwa hekalu. Picha ya mwili uliolala katika damu yake, ikizunguka mijini kabla mama wa marehemu hajapata habari, ni kama kumwacha mtu huyo bila kuzikwa. Tungependa makatekista wetu walifundishe hili kwa watoto wa Kipaimara kwa uzito ule ule wanaofundisha amri ya sita, maana ndiyo dhambi iliyo karibu zaidi na vidole vyao.

Jumatatu kazini

Baada ya kila shambulio viongozi husifu ushupavu wa wananchi: wamerudi kazini, hawakutishika, maisha yanaendelea. Westgate ilifunguliwa tena Julai 2015. Hoteli ya Riverside ilifunguliwa tena kabla ya mwaka 2019 kwisha. Kuna ukweli katika sifa hizo, na mtu anayekataa kutawaliwa na hofu anastahili heshima.

Hata hivyo, mwuza mitumba wa Gikomba au fundi wa mjengo alirudi kazini Jumatatu kwa sababu hana siku ya kupumzika inayolipwa. Asipofanya kazi leo, watoto hawali kesho. Kumwita shujaa ni rahisi kuliko kumwuliza kama analala usiku. Wengi walionusurika 1998 walirudi ofisini wakiwa na vipande vya vioo mwilini na ndoto mbaya kichwani, wakasifiwa kwa uvumilivu wao, kisha wakaachwa. Mapadre waliowahi kukaa katika kitubio mjini wanajua kwamba kiwewe hakiji na jina lake. Huja kama ulevi, kama ugomvi nyumbani, kama mama anayeruka kila mlango unapobamizwa. Sakramenti huponya roho, nasi tunaliamini hilo bila kusita. Lakini kumpeleka mtu kwa mtaalamu wa ushauri nasaha si upungufu wa imani, kama vile kumpeleka aliyevunjika mguu kwa daktari wa mifupa si upungufu wa imani.

Jirani Msomali

Tunafika sasa penye kidonda chenyewe. Tarehe 18 Novemba 2012 bomu lililipuka ndani ya matatu katika mtaa wa Eastleigh, likaua abiria kadhaa. Kesho yake makundi ya vijana yalianza kuvamia nyumba na maduka ya Wasomali, yakipiga watu na kupora mali. Waliopigwa hawakuwa magaidi. Walikuwa wafanyabiashara, wanafunzi na akina mama, wengi wao Wakenya kwa kuzaliwa, wengine wakimbizi waliowakimbia Al-Shabaab hao hao. Ndani ya saa 24 magaidi walikuwa wamepata walichokitaka, na kilikamilishwa na mikono isiyokuwa ya kwao.

Mwezi Aprili 2014, kufuatia mashambulio mengine, likiwemo la kanisani Likoni huko Mombasa, serikali ilifanya msako mkubwa mjini. Watu zaidi ya 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za vipigo na za askari waliodai hongo ili kumwachilia mtu mwenye kitambulisho halali. Raia wengi walinyamaza. Wengine walishangilia waziwazi, wakisema heri kuwa salama. Hatuwezi kuyapima mambo haya kwa wepesi. Serikali inao wajibu wa kulinda watu wake, na Kanisa halijawahi kufundisha vinginevyo. Lakini kumkamata mtu kwa sababu ya pua yake na lafudhi yake hakulindi mtu. Kunamfundisha kijana wa Kisomali aliyezaliwa Pumwani kwamba nchi yake haimtaki, na mwandikishaji wa magaidi hahitaji mahubiri mengine baada ya hapo.

Baba Mtakatifu Fransisko alifika Nairobi mwezi Novemba 2015. Alipokutana na viongozi wa dini alizitaja Westgate, Chuo Kikuu cha Garissa na Mandera, akasisitiza kwamba jina takatifu la Mungu halipaswi kamwe kutumiwa kuhalalisha chuki na ukatili. Siku ya mwisho ya ziara yake alikutana na vijana, na mahali palipochaguliwa palikuwa Kasarani, uwanja ule ule. Aliulizwa kuhusu vijana wanaoshawishika kujiunga na makundi ya kigaidi, naye akajibu kwa kuanza na elimu na kazi. Wapo waliotarajia jibu la kiroho zaidi. Sisi tunaona kwamba lilikuwa la kiroho kabisa, kwa sababu lilimtazama kijana kama mtu kabla ya kumtazama kama hatari.

Riverside ilithibitisha maneno yake kwa namna ya kusikitisha. Mmoja wa washambuliaji wa 2019 hakuwa Msomali. Alikuwa Mkenya aliyekulia Isiolo, mwenye jina la ukoo ambalo msomaji yeyote wa bara angelitambua. Na miongoni mwa waliouawa siku ile walikuwamo Wasomali Waislamu, waliozikwa katika makaburi ya Kiislamu ya Lang'ata mbele ya umati wa waombolezaji. Tangu siku hiyo, hoja kwamba ugaidi una kabila imekosa miguu ya kusimamia, ingawa bado inatembea.

Mara kadhaa majirani Waislamu wamelipa gharama kubwa kuliko maneno. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa wakati wa ibada ya Jumapili, mojawapo likiwa kanisa kuu letu la Jimbo Katoliki. Viongozi wa Kiislamu walijitolea kupanga vijana wao walinde makanisa. Tarehe 21 Desemba 2015, siku nne kabla ya Noeli, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na wapiganaji waliowaamuru abiria wajitenge, Waislamu upande huu na Wakristo upande huu. Mwaka mmoja nyuma, katika basi lingine la Mandera, utengano wa namna hiyo uliishia kwa vifo vya watu 28. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwavika wenzao Wakristo vitambaa vya kichwani, na wanaume wakawaambia wapiganaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa kwake, akafariki mwezi Januari 2016. Alikuwa naibu mwalimu mkuu, na alikuwa Mwislamu. Tunashauri jina lake litajwe katika masomo ya dini ya shule zetu za Kikatoliki, kwani mfano wa kutoa uhai kwa ajili ya rafiki hauhitaji kuagizwa kutoka mbali.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba hakuna mji uliouawa na Al-Shabaab kuliko Mogadishu. Tarehe 14 Oktoba 2017 lori la mabomu liliua huko watu zaidi ya 500, na wengi wao walichomeka kiasi cha kutotambulika. Watu wa kawaida wa Mogadishu waliandamana kwa maelfu dhidi ya magaidi wakiwa wamejifunga vitambaa vyekundu vichwani, na majeruhi wakabebwa na huduma ya bure ya magari ya wagonjwa iliyoanzishwa na daktari wa meno wa mji huo. Mkristo wa Nairobi au Dar es Salaam anapomtazama Msomali kwa jicho la shaka ndani ya basi, huenda anamtazama mtu aliyefiwa na bomu lile lile.

Mlango wa kanisa

Waamini wetu wa Arusha hawahitaji kuelezwa haya. Tarehe 5 Mei 2013, wakati wa kuzindua Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, mbele ya Balozi wa Baba Mtakatifu nchini Tanzania, bomu lilirushwa katikati ya umati. Watu watatu walifariki na wengine zaidi ya 60 walijeruhiwa. Tangu miaka hiyo, parokia nyingi za miji yetu zimeweka walinzi getini, na muumini hufunguliwa mkoba kabla ya kuchovya kidole katika maji ya baraka.

Tumeuzoea utaratibu huu, wala hatupendekezi uondolewe. Tunaomba tu anayekagua awe amefundishwa. Bawabu anayempitisha mzee mwenye suti bila kumtazama na kumsimamisha msichana mwenye hijabu aliyemleta bibi yake Mkatoliki kanisani amekwisha kuhubiri kabla padre hajapanda altareni.

Kuhusu msamaha

Katika siku za kwanza baada ya shambulio, waandishi wa habari huwatafuta wafiwa na kuwauliza kama wamesamehe. Mkristo akijibu ndiyo, jibu hurushwa kila saa. Akijibu bado, huonekana amepungukiwa. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani mwaka 2002, miezi michache baada ya New York na Washington kushambuliwa, alifundisha kwamba haki na msamaha havipingani, na kwamba msamaha hauondoi wajibu wa kuwatafuta wenye hatia. Msamaha ni njia, na njia ina urefu wake. Mjane anayeulizwa siku ya tatu, maiti ya mumewe ikiwa bado haijatambuliwa, ana haki ya kukaa kimya kama Ayubu alivyokaa kabla ya kufungua kinywa chake.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, watu wanamletea Yesu habari ya Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa katika kutoa sadaka. Yeye mwenyewe anaongeza habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Anakataa katakata wazo kwamba waliokufa walikuwa na dhambi kuliko wengine, kisha anawageukia waliouliza na kuwataka waongoke wao. Baadhi ya wahubiri wa mitaani walisema baada ya Westgate kwamba ilikuwa adhabu kwa anasa za matajiri. Ujumbe huo ulipata wasikilizaji. Hauna nafasi katika Injili.

Deni

Mahali lilipokuwa jengo la ubalozi jijini Nairobi sasa ni bustani ya kumbukumbu, yenye ukuta ulioandikwa majina ya marehemu wa 1998. Kila tarehe 7 Agosti walionusurika hukusanyika pale kusali. Baadhi huongozwa kwa mkono kwa sababu hawaoni. Mwaka 2020 Sudan, iliyokuwa imetuhumiwa kuwapa hifadhi waliopanga shambulio hilo, ilikubaliana na Marekani kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya wahanga. Fedha hizo zilikuwa hasa za raia wa Marekani na waajiriwa wa ubalozi. Wakenya wengi waliokuwa nje ya ukuta wake, makarani wa maghorofa ya jirani, wanafunzi wa jengo la Ufundi, abiria waliokuwa ndani ya basi, hawakuguswa nazo. Wamezeeka wakipeleka maombi yao kutoka ofisi hii hadi ile.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa kitume Fratelli tutti wa mwaka 2020, aliitumia sura nzima kuutafakari mfano wa Msamaria mwema. Tunapousikiliza mfano huo sisi husimama zaidi pale Msamaria anapoinama na kufunga majeraha kwa mafuta na divai. Lakini Msamaria alifanya jambo jingine: kesho yake alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kwamba atarudi na kulipa gharama itakayozidi. Watu wa Nairobi walifunga majeraha vizuri sana mwaka 1998, mwaka 2013 na mwaka 2019. Kurudi ndiko kulikochelewa. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zinaijua kila nyumba mtaani. Zinajua nani amefiwa, nani anaumwa, nani hajafika jumuiya kwa mwezi mzima. Zikiulizwa katika mkutano wa wiki hii ni nani katika mtaa wao aliyepofuka asubuhi ile ya Agosti, anaishi na nani, dawa zake analipiwa na nani, na mara ya mwisho alitembelewa lini, jibu litapatikana kabla ya sala ya kufunga.